Misimu ya Vijana wa London Darasani: Mafunzo Kutokana na Filamu ya "Attack the Block"

UTANGULIZI

Mwalimu wa lugha hukutana na misimu kila siku kabla hajafungua kitabu. Huisikia uwanjani, huisikia mlangoni mwa darasa, na pengine huikuta katikati ya insha, imekaa baina ya maneno sanifu kama mgeni asiyealikwa. Wengi wetu tumezoea kuipiga mstari mwekundu na kuendelea. Mstari huo ni wa haki pale ambapo insha ilitakiwa iandikwe kwa lugha sanifu. Lakini mstari peke yake haufundishi. Mwanafunzi huambiwa kwamba neno lake si sahihi. Haambiwi si sahihi mahali gani, wala kwa nini neno hilo hilo lilikuwa sahihi kabisa kabla kengele ya kuingia darasani haijalia.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba misimu ni lugha yenye kanuni zake, na kwamba mwalimu anayeichunguza pamoja na wanafunzi wake hufundisha lugha sanifu vizuri zaidi kuliko yule anayeifukuza. Ili tusibaki katika nadharia, tumechagua mfano mmoja kutoka nje, nao ni filamu ya Kiingereza iitwayo Attack the Block, iliyotolewa mwaka 1911 ukiongeza miaka mia moja kamili, yaani 2011. Tumechagua mfano wa nje kwa makusudi. Wanafunzi wakichambua misimu ya watu wengine huichambua kwa utulivu, bila kuona kwamba wao wenyewe wamewekwa kizimbani. Wakiisha kuuzoea uchambuzi, huwa tayari kuugeuza kuelekea mazungumzo yao.

KISA CHA FILAMU

Attack the Block iliandikwa na kuongozwa na Joe Cornish, nayo ilikuwa filamu yake ndefu ya kwanza. Ni bunilizi ya kisayansi, lakini haina vyombo vya angani vinavyong'aa wala wataalamu waliovaa makoti meupe. Mambo yote yanatokea usiku mmoja wa tarehe 5 Novemba, wakati Waingereza wanaporusha fataki kuadhimisha kushindwa kwa njama ya mwaka 1605 ya kulilipua Bunge. Mahali ni jengo refu la nyumba za kupanga za halmashauri, London ya kusini. Jengo lenyewe ni la kubuni, na limeitwa Wyndham kwa heshima ya John Wyndham, mwandishi wa bunilizi za kisayansi.

Kundi la wavulana watano wanaoongozwa na Moses wanampora Sam, muuguzi kijana anayerejea nyumbani kutoka kazini. Hapo hapo kitu kinaanguka kutoka angani juu ya gari. Ndani yake mna kiumbe cha ajabu. Moses anakifukuza na kukiua, kisha wavulana wanakiburura hadi jengoni kwa majivuno. Baadaye wanaanguka viumbe wengine, wakubwa kuliko yule wa kwanza, weusi tititi, ambao hauonekani mwili wao ila meno yanayong'aa gizani. Wavulana wanalazimika kulilinda jengo lao, na Sam, ambaye kumbe anaishi humo humo, analazimika kushirikiana na wale wale waliomwibia.

Moses aliigizwa na John Boyega, kijana wa Peckham aliyezaliwa na wazazi kutoka Nigeria, na hii ilikuwa filamu yake ya kwanza. Sam aliigizwa na Jodie Whittaker. Wengi wa wavulana wengine walikuwa wageni katika uigizaji wa filamu.

Tunaomba msomaji aliweke moyoni jambo moja katika kisa hiki. Kwa muda mrefu mtazamaji humdhania Moses kuwa mtu mzima, kwa umbo lake, ukimya wake na maneno yake makali. Karibu na mwisho Sam anaingia katika nyumba anamoishi Moses, anakiona kitanda chenye shuka za kitoto zenye picha ya Spider-Man, na anatambua kwamba kijana huyu ana umri wa miaka 15 tu. Alikuwa amehukumiwa kabla ya kujulikana. Hukumu ya namna hiyo ndiyo inayowapata wanafunzi wengi kwa sababu ya usemi wao.

LUGHA ILIYOKUSANYWA, SI ILIYOBUNIWA

Mwandishi anayetaka kutunga mazungumzo ya vijana ana njia mbili. Ya kwanza ni kuibuni lugha. Njia hiyo ilifuatwa na Anthony Burgess katika riwaya yake A Clockwork Orange ya mwaka 1962, ambayo Stanley Kubrick aliifanya filamu mwaka 1971. Burgess alijua kwamba misimu halisi ya vijana wa siku zake ingechakaa upesi, kwa hiyo akatengeneza misimu ambayo haikuwahi kuzungumzwa na mtu, akiijaza maneno yenye asili ya Kirusi. Hata jina la lugha hiyo, Nadsat, linatokana na kiambishi cha Kirusi kinachounda namba za kumi na moja hadi kumi na tisa, yaani umri wa ujana.

Cornish alifuata njia ya pili. Alikwenda kwa vijana wa London ya kusini katika makundi yao, akawaeleza kisa, akawauliza wangefanya nini na wangeshika silaha gani kama viumbe hao wangeanguka mtaani kwao, kisha akayatumia majibu yao. Kwa lugha yetu ya ualimu tungesema kwamba alifanya utafiti wa nyanjani kabla ya kuandaa somo.

Njia zote mbili zina faida na hasara. Lugha ya Burgess haizeeki kwa kuwa haikuwahi kuwa changa. Lakini haina wasemaji wa kuulizwa. Lugha ya Cornish ina wasemaji, ina mtaa na ina historia. Lakini ni ya miaka ile, na kila mwaka unaopita unaipunguzia upya. Kwa mwalimu anayetaka kuonyesha jinsi lugha ya kweli inavyofanya kazi, njia ya pili ndiyo yenye manufaa.

CHIMBUKO LA MISIMU HII

Meli iitwayo Empire Windrush ilitia nanga Tilbury, karibu na London, mwezi wa Juni 1948, ikiwa na mamia ya abiria kutoka visiwa vya Karibi. Baada yao walikuja wengi kutoka Karibi, Asia ya Kusini, Afrika na kwingineko, wakakaa katika mitaa ile ile ya wafanyakazi wa London waliokuwa na usemi wao wa zamani uitwao Cockney. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha kwamba watoto wa shule za London walikuwa wakizungumza nyumbani lugha zaidi ya 300. Katika uwanja wa shule kama huo ndipo ilipozaliwa lahaja mpya ya Kiingereza.

Wataalamu Jenny Cheshire, Paul Kerswill, Sue Fox na Eivind Torgersen waliichunguza lahaja hiyo kuanzia mwaka 2004 hadi 2010, wakilinganisha usemi wa vijana wa Hackney, ndani ya jiji, na wa Havering, pembezoni. Waliiita Kiingereza cha London cha tamaduni nyingi. Waligundua jambo ambalo mwalimu hana budi kulizingatia: kijana hakuwa akizungumza lahaja hii kwa sababu ya rangi yake au asili ya wazazi wake tu, marafiki zake walikuwa na nguvu kubwa. Kijana wa Kiingereza mwenye marafiki wa asili mbalimbali alisema kama wao. Filamu yetu inalionyesha jambo hilo bila kulihubiri. Pest, mmojawapo wa wavulana watano, ni mzungu, na usemi wake ni ule ule wa Moses. Wamo pia watoto wawili wadogo waliojipa majina ya Probs na Mayhem, ambao wanajitahidi kusema na kutenda kama wakubwa wao. Hivyo ndivyo misimu inavyorithiwa: si kutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, bali kutoka kwa mtoto mkubwa kwenda kwa mdogo.

Tutazame maneno machache ya vijana hawa.

"Bruv" ni ufupisho wa neno la Kiingereza la ndugu wa kiume, na ndani yake mna alama ya Cockney ya zamani, kwa maana wasemaji wa Cockney hubadilisha sauti "th" ya katikati ya neno kuwa "v". "Blud" linatokana na neno la damu kwa matamshi ya Jamaika. "Fam" ni ufupisho wa neno la familia. Maneno yote matatu hutumiwa kumwita rafiki, na yote matatu ni ya ukoo. Vijana ambao wazazi wao walitoka pembe mbalimbali za dunia wamejitengenezea ukoo kwa maneno. Hapa mwanafunzi wa Kiswahili hatapata taabu, kwa kuwa sisi pia humwita "ndugu" au "kaka" mtu tusiyechangia naye mzazi.

"Feds" ni polisi. Neno hili ni ufupisho wa jina la polisi wa serikali ya shirikisho ya Marekani. Uingereza haina polisi wa namna hiyo. Neno limevuka bahari kwa njia ya filamu na muziki, likapewa askari wa kawaida wa London.

"Ends" ni mtaa wa mtu, mahali anapotambulikana. "Sick", ambalo kwa Kiingereza sanifu ni ugonjwa, hapa ni sifa ya kitu kizuri mno. "Allow it", ambalo kwa maneno yake lingekuwa "ruhusu jambo hilo", hutumika kusema "achana nalo".

KANUNI ZILIZOMO

Mtu asiyechunguza husema kwamba usemi kama huu ni Kiingereza kilichovunjika. Kitu kilichovunjika hakina mpango; vipande vyake huanguka popote. Usemi huu una mpango, nasi tutautolea mifano minne inayoweza kuandikwa ubaoni. Miwili ya mwisho inatokana na uchunguzi wa London kwa jumla, si na filamu peke yake.

(a) Kijiswali cha mwisho wa sentensi. Kiingereza sanifu humtaka msemaji abadilishe kijiswali hiki kulingana na kitenzi na nafsi: "isn't it", "don't they", "hasn't she", na kadhalika. Mwanafunzi wetu wa Kiingereza huangaika na jambo hili kwa miaka. Kijana wa London hutumia "innit" kwa nafsi zote na nyakati zote. Je, huo ni uvivu? Kama ni uvivu, basi Waswahili wote ni wavivu, kwa maana sisi husema "sivyo?" kwa nafsi zote na nyakati zote: amekuja, sivyo? mtakwenda, sivyo? Wafaransa nao wana kijiswali kisichobadilika, na hakuna anayesema kwamba lugha yao imevunjika.

(b) Matamshi ya "h". Wazee wa Cockney wanajulikana kwa kuidondosha sauti hii mwanzoni mwa maneno, na kwa miaka mingi walimu wa Uingereza walipigana nao kwa ajili hiyo. Wachunguzi wa Hackney walikuta kwamba vijana wa lahaja mpya huitamka. Kwa hiyo katika jambo hili vijana wanaolaumiwa wako karibu zaidi na Kiingereza sanifu kuliko wazee wa mtaa wao.

(c) Wakati uliopita wa kitenzi cha kuwa. Wengi wa vijana hawa, kama wasemaji wengi wa lahaja za Uingereza, husema "we was" mahali pa "we were". Mwalimu na awaulize wanafunzi: ni vitenzi vingapi vya Kiingereza vyenye maumbo mawili katika wakati uliopita kwa ajili ya nafsi? Watatafuta sana, nao watakuta ni hicho kimoja tu. Vingine vyote vina umbo moja. Aliyesema "we was" ameitumia kanuni ya vitenzi vyote kwa kitenzi kilichokuwa kimejitenga. Amekosea kwa kipimo cha usanifu, lakini amekosea kwa kufuata kanuni.

(d) Nafsi. Wachunguzi waliona kwamba neno "man" limeanza kutumika kama kiwakilishi, ambapo msemaji hulitumia kwa kujitaja yeye mwenyewe au mwingine, kwa kadiri ya muktadha. Mswahili anayesema "mtu umechoka" akiwa na maana ya kwamba yeye mwenyewe amechoka hatalistaajabia jambo hili.

Mifano hii minne yatosha kumwonyesha mwanafunzi tofauti ya mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara: lugha isiyo na kanuni, na lugha yenye kanuni tofauti na zile za mtihani.

JINSI FILAMU INAVYOFUNDISHA MANENO

Filamu hii haina faharasa, wala hakuna mhusika anayesimama kumweleza mtazamaji maana ya maneno. Hata hivyo, mtazamaji asiyewahi kufika London huanza akiwa amepotea, na humaliza akiwa anaelewa. Jambo hilo linafanyika kwa njia tatu, na zote tatu ni njia za mwalimu mzuri.

Njia ya kwanza ni uchache. Vijana wa kweli wana maneno mengi mno. Wavulana wa filamu wanarudi kwenye maneno yale yale machache. Njia ya pili ni marudio katika hali mbalimbali. Mtazamaji husikia "allow it" mtu anapokataa shauri, kisha hulisikia tena katika hali nyingine, na kwa kulinganisha hali hizo hupata maana bila kuambiwa. Njia ya tatu ni kitendo. Neno "feds" husikika polisi wanapohusika, na macho hulisaidia sikio.

Tena filamu inamweka Sam baina yetu na vijana. Yeye ni Mwingereza, lakini usemi wa majirani zake ni mgeni kwake. Pest anapoumwa mguu na kiumbe, wavulana wanaingia nyumbani kwa Sam kutaka msaada, kwa sababu yeye ni muuguzi. Humo chumbani mna rejesta mbili zinazogongana: ya mtu aliyeporwa na ya waliompora, ya kazi ya hospitali na ya kundi la mtaani. Wanalazimika kuelewana kwa sababu mguu unatoka damu na mlango unagongwa na viumbe. Hatulijui somo la rejesta lililo wazi kuliko hilo. Lugha inabadilika kwa sababu haja imebadilika.

Burgess naye aliiamini njia hii ya muktadha. Riwaya yake haikukusudiwa kuwa na faharasa, ingawa toleo lililochapishwa Marekani liliongezewa faharasa na mtu mwingine. Mwalimu anayekimbilia kutafsiri kila neno jipya ubaoni ajiulize kama hajawanyang'anya wanafunzi wake kazi ambayo wangeweza kuifanya wenyewe.

SHAKA LA WALIMU

Wako walimu watakaosema: "Haya ni mazuri kwa wataalamu, lakini sisi tuna mtihani mbele yetu." Shaka hilo ni la haki, nasi hatutalipuuza.

Walimu wa London pia wamekabiliwa nalo. Mnamo Oktoba 2013 shule moja ya London ya kusini ilibandika orodha ya maneno yaliyopigwa marufuku, yakiwamo "innit" na "bare", neno ambalo vijana hulitumia kwa maana ya "nyingi". Nia ya shule ilikuwa njema. Ilitaka wanafunzi waweze kujieleza mbele ya waajiri na vyuo vikuu. Wapinzani wake walijibu kwamba mwanafunzi anayeambiwa usemi wake haufai huweza kuchagua kunyamaza, na anayenyamaza hajifunzi usemi wowote, uwe sanifu au usiwe.

Miaka miwili kabla ya hapo palitokea jambo zito zaidi. Mwezi wa Agosti 2011, miezi mitatu tu baada ya filamu yetu kuanza kuonyeshwa Uingereza, ghasia zilizuka Tottenham na kuenea katika sehemu nyingine za London na miji mingine. Katika mjadala wa televisheni mwanahistoria mmoja aliutaja usemi wa vijana wenye asili ya Jamaika kuwa miongoni mwa mambo ya kulaumiwa. Maneno hayo yalipingwa vikali. Kwetu sisi yanatosha kuonyesha kwamba hukumu juu ya lugha haikawii kuwa hukumu juu ya watu. Anayesema "usemi huu ni wa wahuni" yuko hatua moja tu kutoka kusema "mwenye usemi huu ni mhuni", na hatua hiyo mwalimu anaweza kuipiga darasani bila kujijua.

Jibu letu ni hili. Marufuku humwambia mwanafunzi asitumie neno. Rejesta humfundisha lini alitumie na lini aliache. La pili lina faida kubwa kuliko la kwanza, kwa sababu linadumu mwalimu anapokuwa hayupo. John Boyega mwenyewe ni ushahidi. Aliyesema kama kijana wa jengo la London mwaka 2011 alisema kwa lafudhi ya Kimarekani katika filamu ya Star Wars: The Force Awakens mwaka 2015. Hakuitupa lugha ya kwanza ili aipate ya pili, alijua kuchagua.

HATUA ZA SOMO

Somo tunalolipendekeza ni la vipindi vitatu, kwa wanafunzi wa vidato vya juu au wa chuo cha ualimu, wanaosoma mada ya misimu na rejesta.

Kipindi cha kwanza: Kusikiliza na kukisia. Mwalimu asimulie kisa kwa ufupi, kisha aonyeshe sehemu fupi mbili au tatu alizozichagua mapema. Shule isiyo na vifaa isikate tamaa. Mwalimu anaweza kuandika ubaoni maneno saba tuliyoyataja na kueleza hali ambamo kila moja lilitumika, bila kutaja maana. Wanafunzi, wakiwa katika vikundi vya watu wanne wanne, wakisie maana na watoe sababu. Kukisia bila sababu kusikubaliwe.

Kipindi cha pili: Kuchambua na kutafsiri. Kila kikundi kichore jedwali lenye safu tano: neno, maana, chimbuko, nani humwambia nani, na mahali lisipofaa. Kisha watafsiri maneno hayo kwa Kiswahili mara mbili: kwanza kwa Kiswahili sanifu, halafu kwa usemi wa vijana wa mahali pao. Hapo ndipo darasa litakapochangamka. "Bruv" kwa lugha sanifu huenda likawa "ndugu". Lakini kijana wa Dar es Salaam atapendekeza "mshikaji". "Feds" kwa lugha sanifu ni "polisi". Lakini msemaji wa Sheng wa Nairobi atasema "karao". Mwalimu asichague mshindi. Aulize: tafsiri ipi ingefaa katika filamu, na ipi ingefaa katika taarifa ya habari?

Kipindi cha tatu: Kuandika. Tukio ni moja, wasimulizi ni watatu. Moses anawasimulia rafiki zake jinsi alivyokutana na kiumbe; Sam anawaeleza polisi; daktari anaandika taarifa ya hospitali kuhusu mguu wa Pest. Kila mwanafunzi aandike usimulizi wote watatu, kila mmoja kwa aya moja, na chini yake aeleze maneno matatu aliyoyabadilisha na sababu yake. Maelezo hayo ya mwisho ndiyo yapewe alama nyingi, kwa sababu ndiyo yanayoonyesha kama mwanafunzi amechagua au amebahatisha.

Kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi alete neno moja ambalo lilianza kama msimu na sasa limekuwa la kawaida, pamoja na historia yake. Wataona kwamba hata lugha sanifu imejengwa kwa matofali ya mitaani. Neno "daladala" lilitokana na "dala", jina la mtaani la shilingi tano. Na "matatu" lilitokana na nauli ya senti kumi tatu. Leo maneno hayo yanaandikwa katika magazeti bila alama za kunukuu.

TAHADHARI

Kwanza, filamu hii iliruhusiwa Uingereza kwa watazamaji wa umri wa miaka 15 na kuendelea. Ina matusi mengi, damu na dawa za kulevya. Mwalimu asiionyeshe yote bila kuitazama mwenyewe na kushauriana na mkuu wa shule. Filamu ya Kubrick tuliyoitaja hapo juu haifai kabisa kwa wanafunzi.

Pili, maneno ya mwaka 2011 yasifundishwe kama usemi wa leo. Jina letu la Kiswahili linatuonya vyema: msimu ni majira, nayo majira hupita. Baadhi ya maneno hayo bado yanasikika, mengine yamekwisha kuwa ya kaka wakubwa.

Tatu, mwalimu asijifanye kijana. Misimu ni uzio wa kundi. Mtu mzima anayeuruka kwa kishindo huwafanya wenyewe wahamie kwingine. Kazi yake ni kuichambua misimu kwa heshima, akibaki mwalimu.

Nne, kuichambua misimu si kuitetea dhidi ya lugha sanifu. Mwanafunzi atakayemaliza shule bila kuijua lugha sanifu vizuri amedhulumiwa, hata kama tulimsifu kwa usemi wake.

HITIMISHO

Katika mwisho wa filamu, wakazi wa jengo wanaliita jina la Moses ilhali yeye yumo ndani ya gari la polisi. Polisi wanamwuliza Sam kuhusu wavulana waliompora mwanzoni mwa usiku, naye anajibu kwamba hao ni majirani zake na kwamba wamemlinda. Hakusema kwamba hawakutenda kosa. Alisema jambo ambalo asingeweza kulisema kabla ya kuwajua.

Mwalimu naye hatakiwi kusema kwamba insha iliyojaa misimu haina kosa. Anatakiwa amjue mwandishi wake, aijue lugha anayotoka nayo, na ajue njia ya kumvusha kutoka hapo hadi lugha ya mtihani, ya ofisi na ya vitabu, bila kumwambia abomoe daraja nyuma yake. Mstari mwekundu na uendelee kupigwa panapostahili, lakini pembeni yake mwalimu aandike swali moja fupi: "Neno hili lingefaa wapi?" Mwanafunzi atakayeweza kulijibu swali hilo amekwisha kujifunza rejesta.